Jinsi ya Kusoma Tangazo la Zamani: Kicheko cha Mchoraji na Kicheko cha Wakati

Mwaka 1885 kampuni moja ya Albany, katika jimbo la New York, ilitoa kadi ndogo ya rangi kutangaza dawa ya jino. Kadi hiyo inaonyesha watoto wawili wakicheza nje ya nyumba, wamezama katika kujenga kijumba cha vijiti, nyuso zao zimetulia kama za watoto wasiowahi kulia. Maandishi yanaahidi nafuu ya papo hapo kwa senti 15, na jina la dawa limetajwa bila kificho: matone ya kokeini. Msomaji wa leo hucheka, kisha hushtuka, kisha humtumia rafiki yake picha hiyo. Lakini mwaka 1885 hakuna aliyekuwa na sababu ya kucheka. Mwaka mmoja tu kabla yake, daktari Karl Koller wa Vienna alikuwa ameonyesha kwamba kokeini hutia ganzi jicho linalopasuliwa, madaktari wakaipokea kwa furaha, nayo ikauzwa kihalali kama dawa nyingine yoyote. Kadi ile haikutungwa iwe kichekesho. Ilikuwa tangazo la watu waliokwenda na wakati.

Sasa weka kando yake bango la Bovril la mwaka 1896. Fahali amesimama akikitazama kwa huzuni kikopo cha kiini cha nyama ya ng'ombe, na kilio chake kimeandikwa hapo hapo: ole wangu, ndugu yangu maskini! Hapa kicheko kilikusudiwa. Mchoraji alikipanga, mwenye bidhaa akakilipia, na baada ya zaidi ya miaka 120 bado kinafanya kazi bila kuhitaji maelezo.

Mwongozo huu unahusu namna ya kuvitenganisha vicheko hivyo viwili, kile kilichotiwa na mchoraji na kile kilichoongezwa na wakati, kwa sababu anayevichanganya hupata hasara mara mbili: huwadharau watu wa kale kwa jambo ambalo hawakulijua, na hupitwa na mizaha yao iliyo bora kabisa. Yanayosemwa hapa yanahusu mabango, kadi za biashara, lebo za viberiti na za mizigo, katalogi, vipeperushi, tiketi na postikadi, yaani machapisho ambayo hayakuchapwa ili yatunzwe. Wakusanyaji huyaita efemera, neno lenye asili ya Kigiriki la kitu kinachodumu siku moja. Maurice Rickards, aliyeanzisha chama cha wapenzi wa machapisho hayo mjini London mwaka 1975, aliyaeleza kuwa ni hati ndogo za kupita za maisha ya kila siku, na sijaona maelezo mengine yanayoyazidi hayo kwa ufupi.

Anza na picha, maandishi yasubiri

Kosa la kawaida ni kukimbilia maneno. Tangazo la zamani lilibandikwa ukutani au likatiwa mkononi mwa mtu asiye na haraka ya kusoma, kwa hiyo mchoraji alijua kwamba picha ndiyo itakayobisha hodi. Funika maandishi kwa kipande cha karatasi, kisha jiulize nani yumo katika picha, anamtazama nani, ameshika nini, na ni kitu gani kimekuzwa kupita ukubwa wake wa kweli. Chupa kubwa kuliko mtoto si uzembe wa mchoraji. Ndiyo sentensi ya kwanza ya tangazo.

Chukua bango la matairi ya Michelin la mwaka 1898, lililochorwa na Marius Rossillon, mchoraji aliyetumia jina la O'Galop. Katikati ya meza amesimama mtu mnene mweupe aliyeundwa kwa matairi yaliyopangwa juu kwa juu, amevaa miwani ya kubana pua kama mheshimiwa kwenye karamu, ameinua bilauri. Ukiitazama bilauri hiyo kwa makini utaona kwamba haina kinywaji: imejaa misumari na vipande vya chupa. Pembeni yake wamekaa wageni wengine wawili, nao pia ni matairi, lakini wamesinyaa na kuishiwa na upepo. Kabla hujasoma neno hata moja umekwishaelewa kwamba mmoja anaweza kunywa asichoweza kunywa mwingine.

Sasa ondoa karatasi. Juu pameandikwa kwa Kilatini *Nunc est bibendum*, maneno ya mshairi wa Kirumi Horatius yenye maana ya sasa ni wakati wa kunywa, na chini bango linaeleza kwa Kifaransa kwamba tairi la Michelin hunywa vikwazo. Mzaha huu una tabaka tatu. Msomi alifurahia Kilatini kilichotolewa kwenye shairi tukufu na kuletwa gereji. Dereva alifurahia misumari, kwa sababu barabara za siku zile zilijaa misumari iliyodondoka kwenye kwato za farasi, na pancha ilikuwa sehemu ya safari. Na washindani wa Michelin, bila shaka, hawakufurahi. Tabaka la nne limeongezwa na wakati: wengi leo hushangaa kwa nini mtu wa matairi ni mweupe, wakati matairi yote wanayoyajua ni meusi. Matairi ya mwaka 1898 yalikuwa na rangi ya mpira wenyewe, nyeupe au ya kijivu hafifu, na masizi yanayoyatia weusi na kuyaimarisha yalikuja kutumika sana baadaye. Weupe wake haukuwa mzaha. Umegeuka kuwa fumbo kwa sababu dunia iliyomzunguka imebadilika rangi, naye akabaki alivyo.

Zoezi hili la kufunika na kufunua huchukua dakika mbili, nami hulifanya hata kwa picha ninazodhani nazijua.

Maneno: tafuta hofu iliyouzwa

Ukifika kwenye maandishi, usiulize kwanza bidhaa ni nini. Uliza msomaji alitakiwa aogope nini. Matangazo mengi yanayotuchekesha leo yaliandikwa kwa uso mkavu kabisa, na ucheshi wake unatokana na ukubwa wa hofu ukilinganishwa na udogo wa tatizo. Listerine, iliyopewa jina kwa heshima ya daktari mpasuaji Joseph Lister, ilianza mwaka 1879 kama dawa ya kuua vijidudu. Katika miaka ya 1920 watangazaji wake walilichukua neno la kitabibu la harufu mbaya ya kinywa, neno ambalo watu wengi hawakuwahi kulisikia, wakaligeuza kuwa janga la jamii: msichana mzuri anayeonekana katika harusi za wenzake na hapati harusi yake, na hakuna rafiki mwenye ujasiri wa kumwambia sababu. Isome hadithi hiyo kwa sauti, polepole, kama taarifa ya msiba, nawe utasikia mahali pa kucheka ambapo mwandishi hakupaweka.

Mahali pengine pa kupekua ni maandishi madogo. Dawa ya mitishamba ya Lydia Pinkham, iliyouzwa nchini Marekani kuanzia mwaka 1875 kwa matatizo ya wanawake, ilikuwa na pombe kiasi cha asilimia 18, kupita divai nyingi. Sheria ya vyakula na dawa ya mwaka 1906 ilipowalazimisha watengenezaji kutaja kileo kwenye lebo, kampuni ilitii na kuongeza kwamba kileo hicho kimetiwa kwa ajili ya kuyeyusha na kuhifadhi tu. Neno "tu" katika sentensi hiyo lina uzito kuliko chupa yenyewe. Ni vigumu kusema kama aliyeiandika alitabasamu. Nionavyo mimi, wanasheria hawakumpa nafasi.

Ucheshi uliokusudiwa, kwa upande wake, huwa na dalili zake. Mara nyingi mwenye bidhaa hujishusha. Tangazo la Volkswagen la mwaka 1959 liliweka gari dogo kwenye kona ya ukurasa uliobaki mtupu, likamwambia Mmarekani aliyezoea magari marefu afikirie udogo. Utupu ule ulikuwa wa gharama, kwani ukurasa mzima ulilipiwa, na mzaha uko hapo: wamenunua nafasi kubwa ili waonekane wadogo. Ukiona tangazo linalojicheka lenyewe, kuwa na hakika kwamba kicheko ni cha mwandishi. Likiwa linajisifu kwa alama nne za mshangao na mkono uliochorwa ukinyoosha kidole, huenda kicheko ni chetu.

Kupata umri wake

Huwezi kutenganisha kicheko cha mchoraji na cha wakati bila kujua wakati wenyewe, na machapisho haya mara chache huwa na tarehe. Mtindo wa mavazi husaidia, lakini hudanganya pia, kwa kuwa wachapaji waliendelea kutumia picha zilezile kwa miaka mingi. Mimi huamini zaidi mambo makavu. Postikadi ambayo upande wa nyuma una mstari unaotenga nafasi ya ujumbe na ya anwani haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka 1902 ikiwa ni ya Uingereza, wala ya kabla ya 1907 ikiwa ni ya Marekani, kwa sababu kabla ya hapo upande huo uliruhusiwa kubeba anwani peke yake, na ndiyo maana kwenye kadi za zamani zaidi salamu zimebanwa pembeni mwa picha, mara nyingine juu ya anga, mara nyingine juu ya farasi. Msimbo wa posta wa tarakimu tano kwenye anwani ya Marekani unaashiria mwaka 1963 au baada yake. Bei ya Uingereza yenye shilingi imetangulia Februari 1971, nchi hiyo ilipobadili mfumo wa sarafu. Maneno "Ujerumani Magharibi" yanaangukia kati ya 1949 na 1990. Mistari ya msimbo wa bei ilisomwa dukani kwa mashine mara ya kwanza mwaka 1974, kwa hiyo "lebo ya mwaka 1930" yenye mistari hiyo irudishwe kwa aliyeileta.

Lenzi inasema kweli

Nunua lenzi ya kukuza mara kumi. Hakuna kifaa kingine kitakachokufundisha haraka hivyo.

Alois Senefelder aligundua uchapaji wa mawe, yaani litografia, huko Bavaria katika miaka ya mwisho ya karne ya 18, akitegemea jambo rahisi kwamba mafuta na maji havipatani: mchoro wa mafuta juu ya jiwe la chokaa hupokea wino, na sehemu iliyoloweshwa hukataa. Baadaye ikaja kromolitografia, ambamo kila rangi ilikuwa na jiwe lake, na kadi nzuri ingeweza kupita kwenye mawe kumi au zaidi, kila mara ikilengwa upya ili rangi ziangukie mahali pake. Hapo ndipo haiba ya kadi za miaka ya 1870 hadi 1890 inapotoka. Ukiiweka kadi ya namna hiyo chini ya lenzi, utaona shavu la mtoto limejengwa kwa vitone vilivyotiwa kwa mkono, vingine vinono, vingine vyembamba, vimetawanyika bila safu, na mara nyingi midomo imesogea nje ya mstari wake kwa unene wa unywele kwa sababu jiwe la rangi nyekundu halikulengwa barabara. Mtu aliketi akavitia vitone hivyo kimoja kimoja, kwa kadi iliyogawiwa bure ili kuuza uzi wa kushonea.

Picha zilizochapwa kwa njia ya fotografia, zilizoenea kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, huwa na nukta zilizopangwa kwa safu kama askari. Nakala za kisasa za matangazo ya zamani huwa nazo pia, zikiwa zimejipanga kama vijiua vya rangi nne, au huwa na unyunyizo laini wa mashine ya kuchapia ya nyumbani. Kipimo ninachokitegemea kuliko vyote ni herufi. Katika chapisho la asili la litografia, herufi nyeusi ni wino mtupu wenye ukingo mmoja. Katika nakala iliyopigwa picha na kuchapwa upya, hata herufi zimetengenezwa kwa nukta. Nimewahi kulipia "asili" ambayo herufi zake zote zilikuwa nukta tupu, kwa kuwa lenzi niliiacha nyumbani. Muuzaji hakusema uongo. Aliniachia nijidanganye mwenyewe.

Jihadhari na kichekesho kinachokufaa mno

Kuna tangazo moja maarufu mtandaoni linalowahimiza wazazi wawape watoto wachanga soda ya kola mapema iwezekanavyo, kwa jina la bodi moja ya vinywaji ya Marekani. Watu wamelicheka kwa miaka. Ni bandia, lilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kama mzaha, na bodi hiyo haikuwahi kuwapo. Limewapata wengi kwa sababu linasema hasa kile tunachotaka kukiamini kuhusu watu wa kale. Lakini msomaji asikimbilie upande wa pili pia, kwani katika miaka ya 1950 7-Up ilichapisha matangazo ya kweli kabisa yenye mtoto mchanga akinywa chupa yake, na maandishi yakijivunia kwamba wateja wao ndio wadogo kuliko wote. Bandia ile iliigiza tabia iliyokuwapo. Kwa hiyo, tangazo likikuchekesha haraka sana, tafuta gazeti au jarida lililolichapisha, pamoja na tarehe na ukurasa. Likikosa wazazi, usilitumie kama ushahidi wa kitu chochote.

Viko pia vicheko vya mchoraji ambavyo havistahili kuendelezwa. Sabuni ya Pears ilikuwa na matangazo ya kupendeza, na mchoro wa John Everett Millais wa mwaka 1886, wa mtoto akitazama mapovu, uligeuzwa kuwa mojawapo ya picha za biashara zinazojulikana zaidi duniani. Kampuni hiyohiyo, katika miaka ya 1880, ilichapisha picha za mtoto mweusi anayeogeshwa hadi ngozi inatoka nyeupe, na waliozitengeneza walizikusudia zichekeshe. Kuzichoma au kuzificha kunafuta ushahidi, na kuzipachika ukutani kama urembo ni kuurudia mzaha wenyewe. Zihifadhi katika bahasha yake, na ukizionyesha, zionyeshe pamoja na tarehe, jina la aliyezitoa na maelezo ya zilimlenga nani.

Kutunza

Karatasi nyingi za tangu katikati ya karne ya 19 zilitengenezwa kwa rojo la mti, nazo zina asidi inayozila taratibu kutoka ndani. Kurasa za magazeti huwa manjano na kukatika mapema. Kadi nene huvumilia zaidi. Huwezi kuizuia asidi kabisa, ila unaweza kuacha kuisaidia. Weka machapisho mahali pakavu, pasipo joto la kupanda na kushuka, unyevu wa hewa ukiwa kati ya asilimia 35 na 50, ndani ya bahasha za karatasi isiyo na asidi au za plastiki ya poliesta. Plastiki laini yenye harufu, ile ya PVC, iepuke. Mwanga unafifisha wino na kinachofifia hakirudi, basi ukutani weka nakala na asili ibaki sandukuni. Andika maelezo nyuma kwa penseli laini. Mikono safi na mikavu inatosha, glavu za kitambaa hufanya vidole vishindwe kuhisi ukingo unaochanika.

Usitumie gundi ya utepe hata siku moja, wala usipeleke karatasi ikafunikwe kwa plastiki ya moto. Nasema hivi kwa uchungu. Miaka ya mwanzo nilizipanga lebo za mizigo za hoteli katika albamu yenye kurasa za kunata, nikafunika kila ukurasa kwa ile plastiki yake, nikajiona mhifadhi hodari. Nilipoifungua baada ya miaka kadhaa, gundi ilikuwa imepenya hadi upande wa mbele kwa mistari ya kahawia, na lebo niliyoipenda kuliko zote, yenye ngamia na treni wakitazamana, ilitoka ikiwa imeacha treni kwenye albamu.

Ukiwa na albamu ya zamani ambayo kadi zake zimegandishwa tangu karne ya 19, usizibandue. Mpangilio aliouchagua mwenye albamu, kadi ya sabuni kando ya kadi ya viatu, ni chapisho jingine kamili.

Kuchagua na kushirikisha

Anayekusanya kila kitu huishia na maboksi. Chagua jambo moja jembamba, kwa mfano wanyama wanaofanya kazi za watu, au mikono inayonyoosha kidole, au matangazo ya dawa ya mji mmoja katika muongo mmoja, kwa kuwa ucheshi wa machapisho haya huonekana vizuri zaidi yakilinganishwa: paka wa kwanza anayeshona nguo huchekesha, paka wa kumi hukuonyesha mchapaji gani aliiba mchoro wa nani. Mkusanyo wa John Johnson, mchapaji wa Chuo Kikuu cha Oxford aliyefariki mwaka 1956, ambao sasa uko katika Maktaba ya Bodleian, ulikua kutokana na vitu ambavyo kwa kawaida vingetupwa kwenye kapu la taka, na sehemu yake inaweza kutazamwa mtandaoni bila kununua chochote.

Ukitaka kushirikisha chako, kichanganue kwa nukta 600 kwa inchi, acha kingo zote zionekane, na usisafishe manjano ya karatasi, kwa kuwa nayo ni habari. Picha za nukta zilizopangwa huweza kutoa mawimbi ya ajabu kwenye skrini. Geuza chapisho pembe kidogo au tumia chaguo la mashine la kuondoa nukta. Kagua haki pia: nchini Marekani machapisho ya zamani hulindwa hadi miaka 95 tangu yatolewe, na katika nchi nyingi hesabu huanzia kifo cha mchoraji, pamoja na miaka 70.

Na uchanganue upande wa nyuma, hata kama unaonekana mtupu. Ninayo kadi ya uzi wa kushonea yenye paka watatu waliojifunga kwa uzi wakitafuta mwisho wake, mzaha wa kawaida kabisa wa miaka ya 1880. Nyuma yake mtu ameandika kwa penseli nguo alizopeleka kufuliwa: mashati manne, kola sita, soksi jozi tano. Idadi ya soksi imekatwa na kuandikwa upya, pembeni, kwa mwandiko uliokandamizwa kwa nguvu: soksi jozi nne, na mguu mmoja.